Ukurasa wa 31

Ulikuwa mfuko wa plastiki, umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi ili unyevu usiingie. Mama aliyeushika ni mwenyekiti wa kikundi cha wakazi, na asubuhi ile nilikuwa nimempelekea wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa pili, awapokee kwa muhula mmoja wa huduma kwa jamii. Walikuwa wameshajitambulisha. Mmoja wao alikuwa anaeleza juu ya dodoso walilokusudia kulipitisha nyumba kwa nyumba, wajue wakazi wanasumbuliwa na nini.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akafungua mfuko, akatoa ripoti sita, akaziweka mezani.

"Wanangu," alisema, "sisi tumeshahesabiwa vya kutosha. Majibu ya maswali yenu ni haya hapa. Someni, halafu mniambie mmekuja kufanya nini."

Zote sita zilihusu mfereji uleule, unaoziba na kufurika kila mvua zikishika. Zote ziliandikwa na wanafunzi, miaka tofauti.

Ya tatu ilikuwa na jalada la bluu. Nililitambua kabla sijasoma kitu.

Jina langu lilikuwa la pili katika orodha ya waandishi.

Sikusema neno.

## Nilichokikumbuka

Ilikuwa miaka tisa nyuma. Tulitembelea nyumba 62 kwa Jumamosi nne. Nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Jumamosi zile kama mwanzo wa mapenzi yangu kwa kazi hii: vyumba tulivyokaribishwa, wazee waliotupa muda wao, makofi tuliyopigiwa siku ya kuwasilisha matokeo mbele ya darasa. Tulipata alama ya juu. Mhadhiri alitusifu kwa kuwa karibu na wananchi.

Na hayo yote ni kweli. Ila kumbukumbu yangu ilikuwa inaishia kwenye makofi. Baada ya makofi ikaja mitihani, ikaja likizo, ukaja mwaka mwingine na somo jingine. Tuliacha nakala moja ya ripoti kwa kikundi cha wakazi na tukahesabu kwamba tumerudisha matokeo. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kuuliza kama imesomwa.

Siku ile ya mfuko nikaomba kuiazima. Mwenyekiti akatoa daftari, akaniandika jina na tarehe, akanionyesha pa kutia saini. Alilitazama jina langu, akalitazama jalada, akafunga daftari.

Usiku nikaisoma. Sura ya mwisho ndiyo niliyoiandika mimi, na kwenye ukurasa wa 31 kuna mstari uliopigwa chini kwa wino mwekundu: "Wakazi wengi hawana mwamko wa kutosha kuhusu usafi wa mazingira, hivyo inapendekezwa wahamasishwe kwanza kabla ya mradi wowote wa miundombinu." Pembeni, kwa mwandiko ambao si wa yeyote katika kundi letu, kulikuwa na tarehe.

Tarehe ile ilikuwa ya miezi saba baada ya sisi kuondoka.

Imenikaa kichwani wiki tano sasa. Nimejaribu kuandika mambo mengine, nikashindwa.

## Mwalimu wa hesabu aliyebadilishiwa ajenda

Wanaofundisha somo hili hupenda kuanza na wanafunzi wanne Weusi wa mji wa Greensboro, Marekani, waliokaa kwenye meza ya chakula ya wazungu tarehe 1 Februari 1960 na kukataa kuondoka. Ni kisa kikubwa, na nimekitumia mara nyingi. Lakini wiki hizi nimekuwa nikirudia kingine cha mwaka uleule ambacho hakina picha maarufu.

Mwezi Aprili, Ella Baker aliwaita wanafunzi waliokuwa wakiendesha migomo ile wakutane Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh. Alikuwa na umri wa miaka 56, mtu mzima ambaye alishatumika kwenye harakati za haki za Weusi kwa muda mrefu. Wakubwa wa jumuiya aliyoifanyia kazi walitarajia vijana wawe tawi lao. Baker akasimama upande wa vijana: waamue wenyewe. Ndipo ikazaliwa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa herufi SNCC.

Miezi michache baadaye Bob Moses, mwalimu wa hesabu kutoka New York, akasafiri hadi Mississippi, jimbo la kusini, akiwa na majina ya watu aliyopewa na Baker. Mmoja wao alikuwa Amzie Moore wa mji wa Cleveland, mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia na kiongozi wa harakati pale kwake. Siku zile vijana walikuwa wanafikiria meza za chakula, mahali pa kukaa pamoja na wazungu. Moore alikuwa na wazo jingine, na alikuwa nalo kabla vijana hawajafika. Shida ya watu wake ilikuwa kura. Katika wilaya ambako Weusi ndio wengi, karibu wote walikuwa wamezuiwa kujiandikisha. Hicho ndicho alichotaka wanafunzi waje wafanye.

Moses alikuwa amesoma hadi Harvard. Alikaa akamsikiliza. Mwaka uliofuata alirudi Mississippi, na kazi aliyoirudia ilikuwa ile ya Moore.

Kinachonivuta hapa ni mpangilio. Baker aliwakinga wanafunzi wasimezwe na wakubwa, kisha akawatuma kwa wenyeji wakiwa na majina ya watu mkononi. Uhuru wa kijana na unyenyekevu wa kijana vilitoka mkono mmoja. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa cha kwanza tu. Nilitumwa na dodoso lenye maswali 22, na hakuna aliyeniambia nimwulize nani kwanza.

## Basi wasiende?

Usiku mmoja katika wiki hizo tano nilikata shauri. Niliandika barua ya kupendekeza tusimamishe kabisa kupeleka wanafunzi. Niliona ndiyo adhabu inayotustahili, na ndiyo heshima pekee iliyobaki.

Sikuituma.

Kilichonizuia ni majira ya joto ya mwaka 1964. Kabla wanafunzi wapatao 1,000, wengi wao wazungu kutoka vyuo vya kaskazini, hawajaingia Mississippi kusaidia kazi ile ya kuandikisha wapiga kura, kulikuwa na mabishano makali ndani ya harakati. Baadhi ya wenyeji waliokuwa wakifanya kazi ile miaka yote waliogopa jambo ambalo sasa nalielewa vizuri: kwamba wageni wenye kusoma haraka na kuandika haraka wangeshika kalamu na simu, na wenyeji waliokuwa ndio kwanza wanazoea kuongoza ofisi zao wangerudi nyuma wakae kimya. Walikuwa na haki ya kuogopa. Fannie Lou Hamer, mwenyeji aliyefukuzwa kwenye shamba alilofanya kazi miaka 18 kwa sababu alijaribu kujiandikisha kupiga kura, alisimama upande wa kuwapokea. Aliona huwezi kuvunja ubaguzi huku unajitenga.

Naye alikuwa na haki.

Kisha tarehe 21 Juni vijana watatu wa harakati wakatoweka: James Chaney, mzaliwa wa Mississippi, Michael Schwerner, na Andrew Goodman, mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa amefika siku moja tu kabla. Kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wazungu, nchi nzima iligeuka kutazama. Walitafutwa hadi kwenye maji, na katika kutafutwa huko ikapatikana miili ya vijana wengine, Henry Dee na Charles Moore, Weusi wa miaka 19, waliouawa mwezi Mei. Hakuna aliyekuwa amepeleka jeshi kuwatafuta hao. Miili ya wale watatu ilipatikana tarehe 4 Agosti.

Siwezi kulisoma jambo hili nikatoka na jibu rahisi. Kuwapo kwa wageni kulileta macho, na macho yalikuwa silaha. Lakini macho yaliwafuata wageni. Wenyeji walikuwa wamekufa kabla yake bila kuandikwa.

Ndiyo sababu barua yangu ya kusimamisha kila kitu niliiacha. Kujitoa kungekuwa kuamua tena peke yangu, bila kumwuliza mwenyekiti, kama vile nilivyoamua peke yangu kuhusu mwamko.

## Saa zinazohesabiwa

Vyuo vingi hupima huduma kwa saa. Mexico, ambako wanafunzi wa udaktari walianza kutumikia jamii mwaka 1936, mwanafunzi hapati shahada bila huduma ya kijamii isiyopungua saa 480. Nigeria ilianza mwaka 1973 kuwapeleka wahitimu wake utumishi wa mwaka mzima. Tanzania, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu vijana walikuwa wamegusa pia mishahara ya wakubwa. Napenda kisa hicho kwa sababu swali la nani anamtumikia nani lilirudi mpaka juu.

Kwetu ni saa 40 kwa muhula. Mwanafunzi anazijaza kwenye fomu, mwenyekiti anatia saini.

Saa za mwenyekiti hazina fomu.

Nimezikadiria. Kila muhula anawafundisha vijana wapya njia za kupita, nyumba za kuanzia, mzee yupi anasikia kwa shida, jambo gani lisiulizwe mbele ya watoto. Anaitisha mkutano wa kuwatambulisha. Anatuliza watu pale swali linapowaudhi. Vijana wakishazoea, muhula umekwisha, anaanza upya na wengine. Kwa ripoti sita hizo, amefundisha wanafunzi wengi kuliko wahadhiri kadhaa ninaowajua, bila malipo, na alama zilitolewa na watu ambao hawajawahi kuuona mfereji.

Robert Sigmon, mmoja wa waliojenga fikra ya kujifunza kwa kutumikia, aliandika mwaka 1979 kanuni tatu, na ya kwanza ni kwamba wanaohudumiwa ndio washike usukani wa huduma wanayopewa. Nimeifundisha kanuni hiyo. Nimeitolea mtihani. Na kwa miaka yote hiyo fomu yetu ina nafasi moja tu ya kiongozi wa jamii: saini, chini kabisa, kulia.

## Tarehe ya pembeni

Wiki ya tatu nilirudi peke yangu. Sikuwa na wanafunzi wala karatasi ila ile ripoti ya bluu. Nilipanga kuanza kwa maelezo, lakini nilipokaa nikaona maelezo yote ni ya kunikinga mimi.

"Mama, ukurasa wa 31 niliuandika mimi."

"Najua," alisema. "Ulitia saini kwenye daftari langu."

Nikamwuliza tarehe ile ni ya nini.

Miezi saba baada ya sisi kuondoka, kikundi chake kilikwenda manispaa kuomba mfereji ujengwe upya. Walikuwa wamebeba ripoti yetu kama ushahidi, kwa sababu ilikuwa na picha, majedwali na nembo ya chuo. Ofisa aliyewapokea akaipitia, akafika ukurasa ule, akawasomea kwa sauti. Akasema hata wasomi wameona kwamba watu wenyewe hawajawa tayari. Warudi wakahamasishwe kwanza.

Fungu la mwaka ule likaenda kwingine.

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba ripoti yetu haikusaidia kitu. Sikuwa nimewaza kwamba ilifanya kazi, na kwamba kazi iliyoifanya ndiyo hiyo.

Kisha nikamwuliza jambo ambalo dodoso letu halikuliuliza. Swali la 14 lilitaka kujua kama mtu anashiriki usafi wa mtaa, na wengi walijibu hapana. Nani hasa alikuwa anasafisha mfereji siku zile?

"Sisi," alisema. "Kila Jumamosi asubuhi."

Jumamosi asubuhi ndiyo tuliyobisha hodi. Watu wenye mwamko walikuwa mferejini, na majembe. Tuliwakuta nyumbani wagonjwa, wazee na waliokuwa wametoka kazini usiku, tukawaandika wao kuwa ndio mtaa mzima. Njia tuliyopitia kufika nyumba za upande wa pili ilikuwa daraja la mbao juu ya mfereji. Lazima tuliwapita. Huenda tuliwasalimu.

Hapo ndipo nililia. Yeye hakunibembeleza wala hakunilaumu. Alingoja.

## Anachohitaji ni karani

Bernice Robinson alikuwa msusi na mshonaji. Januari 1957 alianza kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba cha nyuma ya duka kisiwani Johns Island, Carolina Kusini, ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Septima Clark, aliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi, alimtaka yeye hasa kwa sababu hakuwa mwalimu: asingekuja na mazoea ya darasani. Usiku wa kwanza Robinson aliwauliza wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao. Walitaka kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagizia bidhaa kwa posta. Akaanza hapo. Darasa lile la watu 14 likazaa mengine mengi kote kusini mwa Marekani.

Nami nikauliza, nikiwa nimechelewa miaka tisa: "Mama, wewe unataka nini kwa hawa vijana?"

Alikuwa na jibu tayari. Kwanza, ripoti zote sita ziwe karatasi moja. "Ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Ofisa hasomi kurasa 40, anatafuta mstari wa kunirudishia." Pili, karatasi hiyo iandikwe kwa jina la kikundi, chuo kitajwe chini kama msaidizi. Tatu, kila akienda manispaa afuatane na mwanafunzi mmoja, asiyesema kitu, mwenye kuandika kila linalosemwa na nani kalisema.

"Nahitaji karani," alisema. "Wasemaji tunao."

Nilipowapelekea wanafunzi wangu, watano walikata tamaa. Waliona si kazi ya maana, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakuja chuo kikuu kuandika kumbukumbu za vikao. Namwelewa, tumewafundisha wenyewe kwamba kuhudumu ni kuonekana. Wawili walihamia mradi mwingine. Waliobaki kumi walikaa siku nne na zile ripoti, na jambo walilolivumbua halikuwa katika ripoti yoyote peke yake: ukiziweka kwa mfuatano, nyumba zinazoingiwa na maji ziliongezeka kila mara, na zilianza kuongezeka kwa kasi baada ya barabara ya juu kujengwa na maji yake kuelekezwa mferejini. Kila kundi lilipima mwaka wake na kuondoka. Hakuna aliyekuwapo muda wa kutosha kuona mwendo.

Mwenyekiti alikuwapo. Alipoonyeshwa hesabu ile alisema ndicho alichokuwa akikisema tangu barabara ijengwe, ila alikuwa akikisema kwa mdomo.

Sijui kama manispaa itajenga. Maombi yamepokelewa, yamegongwa muhuri, na binti aliyefuatana na mwenyekiti ameandika jina la aliyegonga na saa aliyogonga. Muhula unakwisha wiki ijayo. Yule binti ameomba aendelee bila alama, na nimemjibu kwamba ruhusa hiyo si yangu, akamwulize mwenyekiti.

Mimi niliandika barua. Ni fupi. Inasema kwamba sentensi ya ukurasa wa 31 haikuwa na msingi, inaeleza makosa ya Jumamosi, na inaomba isitumiwe tena mahali popote dhidi ya wakazi hawa. Wenzangu watatu niliowapata kati ya watano tulioandika ripoti ile wametia saini pia.

Mwenyekiti aliisoma Jumapili kwenye mkutano wa wakazi, polepole, yote. Nilisimama karibu na mlango. Alipomaliza, mzee mmoja akaomba irudiwe aya ya pili, akairudia. Kisha akaikunja, akaitia katika ripoti ya bluu, pale ukurasa wa 31, akafunga mfuko na kuendelea na ajenda iliyofuata, zamu za mfereji za mwezi huu. Akasoma majina ya Jumamosi ya kwanza.

Langu lilikuwa la nne.